Chachu ya Bibi Hneineh

Ndugu zangu wa Ain Joz, na ninyi mliohamia pwani mkasahau hata harufu ya tanuri la kwenu, sogeeni karibu. Kuna jambo nataka kulisema hadharani, maana kwa muda mrefu limesemwa chini chini, na kila anayelisimulia analitia chumvi yake. Mimi Mama Bishara nilikuwapo. Nyumba yangu inatazamana na nyumba hiyo, na hakuna asiyejua kwamba dirisha langu halina pazia. Mtaniita mmbea. Haya, niiteni. Lakini mmbea akisimulia alichokiona kwa macho yake mwenyewe, ni vizuri kumsikiliza.

Mnaikumbuka nyumba ya Farhud, ile iliyo ubavuni mwa kanisa, yenye mjozi mkubwa uani. Zamani ilikuwa nyumba ya raha, nyinyi. Jioni za kiangazi Bibi Hneineh, mjane wa mzee Farhud, alikaa kwenye zulia lake akichambua dengu, na wanawe wawili, Asaad na Msallam, wakipigana vijembe juu ya nani anajua kupogoa mizeituni. Nazira, mke wa Asaad, alikuwa akipika. Wadia, mke wa Msallam, alikuwa bado bibi arusi, akiosha vyombo huku akiimba zaburi kwa sauti ya kujificha. Vyumba vya ndugu hao vilitenganishwa na mlango mmoja tu wa ndani, na mlango wenyewe ulikuwa hauna hata komeo. Chungu kilikuwa kimoja. Kicheko kikianza chumba cha huku, kilimalizikia chumba cha kule.

Na ilikuwa ndiyo nyumba ya chachu. Ninyi wakubwa mnaijua desturi, ila watoto wa siku hizi, wa chachu ya pakiti, wacha wasikie. Mkesha wa Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana tulikuwa tunaoka mikate kwa chachu yote tuliyokuwa nayo, haibaki hata ya kuonja. Kisha Bibi Hneineh alikanda donge la unga kwa maji ya chemchemi, bila chachu kabisa, akalifunga kwenye kitambaa cheupe na kulitundika kwenye tawi la mjozi. Milango yote ya kijiji iliachwa wazi, kwa kuwa usiku huo Bwana Adumuye hupita duniani, na miti yote humwinamia. Mforosadi peke yake ndio uliokataa kuinama, ule wenye kiburi, ndiyo maana kuni za siku hiyo huwa ni za mforosadi. Kukicha, donge limeumuka. Wanawake wa mtaa mzima tulikuja na bakuli zetu, kila mmoja akamega kidogo, na hicho kidogo kikawa chachu ya nyumba yake kwa mwaka mzima.

Mimi tangu msichana nilikuwa nashangaa. Linaumukaje, jamani, wakati hakuna aliyetia kitu? Nilimuuliza Padri Jirjis, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.

“Mama Bishara,” akasema, “wewe siku ya kiama utamuuliza malaika tarumbeta lake kalinunua wapi.”

“Na akijua atanijibu, Padri.”

“Linaumuka kwa neema. Nenda ukaoke.”

Nikaenda kuoka. Lakini swali halikuniacha.

Bibi Hneineh alifariki wakati wa kuchuma zeituni. Siku aliyokata roho, chumba kilijaa watu, na maneno yake ya mwisho tuliyasikia wengi. Alikuwa akionyesha chano chake cha kukandia, kile kikubwa alichochongewa na baba yake kwa gogo la mjozi, chenye nyufa za uzee. “Hicho msikigawe,” alisema. “Kandieni pamoja.” Akafumba macho.

Kumbe mauti huwapa watu hamu ya kugawana. Haukupita muda ndugu wale wakagawana mizeituni, wakagawana kondoo, wakagawana magodoro na masufuria. Chano kikabaki peke yake katikati ya ukumbi. Nazira akakibeba akakipeleka chumbani kwake.

Wadia alimfuata kwa adabu zake zote. Nilikuwa kibarazani kwao nimeleta kahawa ya matanga, kwa hiyo nilisikia.

“Dada,” Wadia akasema, “tukande pamoja kama mama mkwe alivyosema. Au wewe ukimaliza, nami nikandie.”

“Chano ni cha mke mkubwa wa nyumba,” Nazira akajibu. “Wewe una beseni lako la arusi, jipya, linang'aa. Kandia hilo. Unaogopa nini, kulichafua?”

Wadia ni mtu ambaye akiudhika hajibu, anafua. Siku hiyo alifua hata mapazia yaliyokuwa safi, na beseni lake akalisugua kwa sabuni ya zeituni mpaka mtu angeweza kujitazama humo.

Ikafika Sikukuu ya Ubatizo. Mkesha huo kwenye mjozi yalining'inia mafurushi mawili, la Nazira na la Wadia. Asubuhi tukakusanyika na bakuli zetu, na mimi mbele, kama mnavyonijua. Nazira alifungua la kwake. Lo! Limejaa, laini, lina matundu. Wadia akafungua la kwake. Gumu, limekauka, ungeweza kumpigia mbweha.

Nazira alilitazama, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Basi Bwana anaijua nyumba yake. Kwako amepita, lakini hakusimama.”

Kuna waliocheka. Majina yao ninayo, lakini si leo.

Wadia alinyoosha bakuli lake ili amege kama sisi wengine. Nazira akalifunika donge kwa mikono miwili. “Hapana, mwenzangu. Baraka haitiwi mahali ilipopita bila kusimama. Itaharibika huko, halafu iniharibie na ya kwangu.”

Sasa nisikilizeni. Wadia alikuwa ametokwa na mimba wiki chache kabla, wakati ule ule wa zeituni, na Nazira alijua, maana ndiye aliyemshika mkono. Neno lile lilimwingia pale pale penye kidonda. Nilimwona akigeuka na bakuli lake tupu, akaingia ndani, na baada ya kitambo nikasikia maji yakimiminwa. Alikuwa anafua.

Msallam alipopata habari, alimvaa kaka yake kwa maneno. Asaad naye si mtu wa kuvaliwa. Wakakumbushana mizeituni iliyogawanywa vibaya, wakakumbushana kondoo mwenye kilema, wakafika hata kwenye kisa cha utotoni cha kombeo lililovunjika. Mwisho Asaad alichukua nyundo na misumari ya paa, akaupigilia ule mlango wa ndani. Kila pigo lilisikika mpaka kwangu. Tangu hapo wa huku akitaka kumwona wa kule ilibidi azunguke nje, na hakuna aliyetaka.

Jioni ile nilikwenda kwa Wadia na kipande cha chachu yangu chini ya aproni. Nilimwambia, “Chukua, binti yangu, upate kuoka. Watu hawali maneno ya Nazira.”

“Ni ile ya kwake?” akauliza.

“Ni ya kwangu. Nilikoimega usiniulize.”

Akaichukua. Na kila mwaka ikawa hivyo hivyo. La Nazira linaumuka, la Wadia linagoma, mimi napita na aproni yangu.

Lakini chachu inashibisha tumbo tu. Wadia aliacha kukomunika. Alikuja Misa, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango, na watu walipokwenda mbele yeye alitoka. Nikambana siku moja chemchemini.

“Wadia, mbona hukaribii meza ya Bwana?”

Alijaza mtungi wake kwanza, ndipo akanijibu. “Mama Bishara, kama mtu angepita mlangoni kwako kila mwaka bila hata kupiga hodi, ungeendelea kumwekea kahawa?”

Akaongeza kwamba Msallam ana binamu yake huko pwani, kwenye mashamba ya machungwa, na kwamba theluji ikiyeyuka watauza nusu yao ya nyumba kwa mgeni yeyote na kuondoka. “Huko hakuna anayenijua kama niliyepitwa,” akasema.

Nilirudi nyumbani na mtungi wangu nusu, moyo unaniuma. Nyumba ya Hneineh iuzwe vipande! Na mwanamke mzima aende akaishi miongoni mwa machungwa akiamini kwamba Mungu hamtaki!

Sasa udadisi wangu ukageuka kuwa hasira. Nilikaa nikapanga mambo. Unga wao ni wa kinu kimoja. Maji yao ni ya chemchemi moja. Mti ni mmoja, tawi ni moja, kitambaa ni cha mama mkwe mmoja. Tofauti iko wapi? Nilidhani labda Nazira anaficha chachu kwenye mkono wa gauni. Mwaka mmoja nikamtazama akikanda mwanzo mpaka mwisho, sikupepesa. Wallahi hakutia kitu. Aliosha mikono, alifanya ishara ya msalaba, alikanda kwa machozi na sala. Nazira hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba Bwana anasimama kwake kwa sababu yeye ni mwema, na ndiyo maana alikuwa hatari. Tapeli ungemkamata. Huyu ungemkamata kwa lipi?

Alianza hata kutugawa. Anayempenda alimmegea pande, asiyempenda alimmegea cha kubana kwa kucha. Mkate wa sadaka wa kanisani alikuwa akioka yeye tu, na ukiusifu mkate wa mtu mwingine alikohoa.

Basi Krismasi moja Nazira alitembelewa na jamaa yake kutoka Tripoli, mke wa mfanyabiashara wa nguo, Bi Evlin, mwanamke wa manukato na glavu. Akaonyeshwa chano kile maarufu. Akainama akanusa, akarudi nyuma.

“Nazira mpenzi,” akasema, “hiki chombo kinanuka kama soksi ya mchunga mbuzi.”

Nazira aliona aibu mpaka masikio. Bi Evlin alipoondoka tu, alikisugua chano kwa sabuni na majivu, akakimwagia maji yanayochemka, akachokonoa nyufa kwa ncha ya kisu, akakianika karibu na jiko mpaka mbao zikapauka. Kikawa kama kimechongwa jana. Nilimwona kupitia dirishani na nikamwambia kimependeza, maana kweli kilipendeza.

Mwaka huo theluji ilianguka kuanzia mwaka mpya bila kupumzika. Njia ya kushuka bondeni ikafungwa, hata nyumbu hakuweza kupita. Mkesha ukafika, tukaoka mikate kwa chachu yetu yote, tukaacha milango wazi tukitetemeka chini ya mablanketi. Asubuhi tukajaa uani kwa Nazira, tumevaa kila tulichokuwa nacho.

Nazira alifungua kitambaa. Akalibonyeza donge kwa kidole. Kidole hakikuzama. Akalibonyeza tena kwa kiganja, kisha akalipindua, kana kwamba upande wa chini huenda una habari njema zaidi.

Hakuna aliyecheka safari hii. Kijiji kizima kilikuwa hakina chachu.

Nazira aliinua uso, na kule juu, upande wa pili wa paa, Wadia alikuwa akiondoa theluji kwa koleo. Wakatazamana.

“Ni wewe!” Nazira akapiga ukelele. “Ni jicho lako! Umelitazama donge langu kutoka huko juu ukaliua! Mchawi! Umeshapitwa, na sasa unataka sote tupitwe!”

Wadia alisimamisha koleo. Na alijibu, ndiyo, kwa mara ya kwanza alimjibu. “Dada, mimi sikuweza kuumua langu. Ningewezaje kuzuia lako?” Akashuka ngazi, na kupitia mlango wa nje wa Msallam niliona magunia yameshafungwa kamba, yanasubiri njia ifunguke.

Siku ile mkate ulikuwa ule ule wa mkesha. Siku iliyofuata ulikuwa mgumu. Kuanzisha chachu mpya katika baridi ile ni kazi ya siku nyingi, na Jumapili ilikuwa inakuja. Kwetu mkate wa sadaka huwa ni wa chachu. Bila mkate huo hakuna Misa. Hata vita havikuwahi kufunga Misa Ain Joz.

Padri Jirjis alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na maji ya baraka, kama desturi baada ya sikukuu, na mimi nikamfuata, eti nimshikie ndoo. Tulimkuta Nazira ameketi sakafuni, chano mapajani, amelia mpaka uso umevimba.

“Padri,” akasema, “nimefanya dhambi gani? Nifunge? Nitembee pekupeku?”

Padri akachovya tawi la zeituni majini, akanyunyiza pembe za chumba. Mimi nikasogea kwenye chano. Sijui nini kilinisukuma. Nikainama nikanusa.

Sabuni. Sabuni tupu.

Nikakumbuka harufu ile ya zamani, ile ya uchachu iliyokuwa ikikupokea mlangoni kwa Bibi Hneineh. Nikapitisha kidole kwenye ufa ambao zamani ulikuwa umejaa unga mkavu wa mikate yote ya maisha yake. Mtupu, mweupe.

“Nazira,” nikasema taratibu, “ulipokisugua hiki, ulitoa nini kwenye nyufa?”

“Uchafu. Magamba ya unga wa zamani. Vumbi la mama mkwe.”

“Basi umeitupa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiumua.”

Alinitazama kama asiyeelewa lugha. Nikaendelea, maana nikianza huwa siachi. “Bibi Hneineh alikanda humu mikate ya miaka yote, na hakuwahi kukiosha kwa sabuni, alikikwangua tu. Chachu yake ilikaa kwenye mbao. Donge lako lilikuwa likiipata humo bila wewe kujua. Wadia alikanda kwenye beseni la bati, na unamjua Wadia na sabuni. Ndiyo tofauti yote.”

Padri alibaki ameshika tawi linalodondosha maji.

“Kwa hiyo,” Nazira akasema, na sauti ilikuwa ndogo, “Bwana hakuwa akipita kwangu?”

Jamani, ile sauti. Mimi niliyekuwa nimengoja miaka kulifumbua fumbo hili, nikatamani nisingelifumbua. Nikamgeukia Padri.

“Haya Padri, jibu. Alipita au hakupita?”

Padri hakucheka. Akaketi sakafuni pale pale, kanzu yake kwenye maji. “Alipita,” akasema. “Alipita kwa Hneineh, Hneineh akakuachia. Wewe ulidhani ni ujira, Nazira. Ilikuwa zawadi. Neema ndiyo hiyo, kula mkate ambao chachu yake hukuianza wewe. Hata uwezo wa kuumuka haukuwa wako. Kosa lako si kwamba ulipewa. Kosa ni kwamba ulikipima kijiji kizima kwa kitu ulichopewa bure.”

“Na nimemwambia yule binti kwamba amepitwa,” Nazira akasema. “Padri, nilimwambia akiwa bado anatokwa damu.” Akajifunika uso.

Nilimwacha alie kidogo. Kisha nikasema, “Chachu ipo.”

Wote wawili wakanigeukia.

“Wadia hakuimaliza ya kwake mkesha ule. Kwa nini aimalize, wakati anajiandaa kuhamia pwani kusiko na wa kumpa nyingine? Na hiyo aliyo nayo nilimpa mimi, na mimi nilimega kwako, na wewe uliipata humu ndani ya chano. Ni ya Hneineh, Nazira. Imezunguka uani kote, na sasa imekaa nyuma ya ule mlango.” Nikaonyesha mlango wenye misumari.

Nazira alisimama. Nilidhani atachukua shali na kuzunguka nje. Hakuzunguka. Alichukua koleo la jiko, akashika kichwa cha msumari wa kwanza, akavuta. Msumari ukalia.

Kule ng'ambo Msallam akapaza sauti, “Nani huyo? Mnabomoa au mnajenga?”

“Shemeji, nabomoa!” Nazira akajibu.

Asaad aliingia akipangusa theluji mabegani, akamkuta mkewe amepachika mguu ukutani anavuta. “Nazira, umerukwa na akili?”

“Ulipigilia mirefu mno, mume wangu. Njoo unisaidie, usisimame hapo kama mforosadi.”

Asaad alimtazama Padri, akanitazama mimi, akavua koti. Msumari wa mwisho ulivunjika, nusu ukabaki ndani ya mbao, na umo mpaka leo. Mlango ukasukumwa.

Wadia alikuwa amesimama upande wa pili, mikono imelowa, amejifunga aproni. Alikuwa anafua, bila shaka. Nyuma yake, juu ya kabati, niliona bakuli lililofunikwa kitambaa.

“Mlango uliopitwa,” akasema. “Leo mmeufuata kutafuta nini?”

Nazira hakuanza na chachu. Hilo namsifia mbele yenu wote. Alipiga magoti kizingitini, akasema, “Wadia, nilikudanganya. Sikujua kuwa nadanganya, lakini nilikuumiza, na kuumia kwako nilikujua. Bwana hakukupita. Ni mimi niliyekufungia.” Na akamweleza habari ya chano, yote, hata ile ya soksi ya mchunga mbuzi.

Wadia alisikiliza. Machozi yalimtiririka lakini uso wake haukusogea. Kisha akauliza neno moja tu, “Kwa hiyo ilikuwa sabuni?”

“Ilikuwa sabuni, mdogo wangu.”

“Miaka yote hii mimi nasali usiku namuuliza Mungu nimemkosea nini, naye ananiona pale na sabuni yangu mkononi!” Akaanza kucheka, akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka ikabidi Msallam amshike bega.

Nazira akanyoosha mkono kuelekea bakuli. “Basi utatupa, kwa ajili ya Misa?”

“Siwapi,” akasema Wadia.

Padri alifumba macho. Hata mimi, moyo ulinishuka.

“Siwapi,” akarudia. “Nikikupa, utakwenda kukanda peke yako tena. Lete chano hapa. Mama mkwe alisema pamoja.”

Walikanda kizingitini, chano nusu chumba cha huku, nusu chumba cha kule, kwa sababu hakuna aliyekubali kusogea upande wa mwenzake kwanza. Mtu habadiliki kwa siku moja, msidanganyane. Walizozana juu ya chumvi. Nazira alisema maji ni mengi, Wadia alisema kaa kimya ukande. Lakini mikono minne ilikuwa kwenye donge moja, na ile chachu ya bakulini ikaingia tena kwenye nyufa zilizosuguliwa. Kabla ya chakula cha jioni donge lilikuwa limefika ukingoni. Mtaa mzima ukaja na bakuli, na Wadia ndiye aliyewamegea, wote sawa, hata wale waliocheka siku ile.

Jumapili Padri aliuinua mkate wenye muhuri wa msalaba, akaumega. Wadia alikuwa nyuma karibu na mlango kama kawaida yake. Nazira, ambaye tangu zamani alikuwa wa kwanza kwenda mbele, safari hii alirudi nyuma kanisa zima likimwangalia, akamshika mkono, wakaenda pamoja. Niliwaona wakipokea. Sikuona vizuri sana, maana macho yangu yalikuwa yamejaa maji, na hilo halinitokei mara nyingi kanisani.

Magunia ya Msallam yalifunguliwa wiki ile ile. Mtaniuliza kama Wadia alipata mtoto. Hadithi hii si ya hiyo, na hilo ni lake na Mola wake. Chano kipo kizingitini mpaka leo, na hakijaguswa na sabuni tena.

FUNZO

Wapendwa, msije mkaondoka hapa mkisema Mama Bishara ametufundisha kutoosha vyombo. Osheni vyombo vyenu.

Ninachosema ni hiki. Kitu chema ulicho nacho, iwe imani, iwe watoto, iwe sauti ya kuimba, iwe mkate unaoumuka, kiliwekwa mikononi mwako na wengine, na aliyewapa wao ni Mungu. Kabla hujamwambia jirani yako kwamba amepitwa, nusa kwanza chano chako ujue ulichokirithi. Neema haipimwi nyumba kwa nyumba kama kodi. Nguvu ya Mungu ilifanya kazi hata ndani ya uchachu tulioudharau, hata chini ya aproni yangu, na ilikwenda kumtunzia Hneineh chachu yake nyumbani kwa yule tuliyemnyima. Mliofungiana milango kwa sababu ya mizeituni, urithi au maneno ya zamani, chachu mnayoitafuta huenda iko kwa mtu mliyemfukuza.

Na jambo moja la mwisho, ambalo bado linaniamsha. Kila mwaka, usiku ule, tuliiacha wazi milango yetu yote ya nje ili Bwana apite. Tulitetemeka kwa baridi tukijiona wacha Mungu kweli kweli. Na katika nyumba ile mlango mmoja tu ulikuwa umefungwa, ule wa ndani, kati ya ndugu na ndugu, nao tuliupigilia misumari sisi wenyewe. Nendeni nyumbani mkaangalie milango yenu ya ndani.